Mshauri wa Kufunga kwa Maombi

Kampuni yetu hununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale sokoni Kituku, huwakausha na kuwapeleka Rutshuru. Wateja walikuwa wamechoka kutafuna mchanga mweusi, maana samaki hao walianikwa chini. Basi patroni, mwenye kampuni, akaniteua mshauri kijana wa ubunifu, akanivalisha na tisheti yenye cheo hicho mgongoni.

Vikao vitatu nilikaa na mchoro wangu wa vichanja vya kuanikia. Kila nilipoinua mkono niliambiwa, "Ngoja, mutoto, wakubwa wamalize." Wakimaliza, patroni husema, "Sasa kijana atufungie kikao kwa maombi." Kumbe ushauri wangu ndio huo!

Kikao cha nne hasira zilinipanda. Walipofumba macho, nikaomba: "Baba, tupe vichanja, tuwainue samaki kutoka mchangani. Wafungue wakubwa hawa masikio." Nani angethubutu kukatiza maombi? Nilieleza mpaka urefu wa mbao. Wote wakaitika, "Amina!"

Patroni akanishika bega, machozi yakimlengalenga. "Mutoto, una kipawa cha kuomba."

Sambaza bado wanaanikwa chini. Mimi nimepandishwa cheo: siku hizi nafungua kikao pia.