Kucha za Wifi

Mama mwenye nyumba ana wifi mmoja, na wifi huyo ni mtu wa kucha. Amezifuga tangu mwaka uanze, ndefu, nyekundu, na kwa ajili ya kucha hizo hata kikombe haoshi. Simu huibonyeza kwa ubapa wa kidole, na akiongea huzipunga hewani kana kwamba bado hazijakauka. Siku moja alijitolea kumkata kucha mbwa wa nyumbani, ambaye akiona mkasi tu hutetemeka mwili mzima. "Mshike, wifi yangu, ila usimbane," alisema, akapiga magoti jikoni. Mbwa akauvuta mguu, akalia. Wifi akamtazama, akanyoosha kidole chake mwenyewe, kach! Kipande chekundu kikaruka hadi chini ya meza. "Umeona? Haiumi!" Mama mwenye nyumba nusura amwachie mbwa. Mbwa akakinusa kile kidole, akatulia, akakatwa ukucha mmoja. Basi wakaenda hivyo hivyo, mmoja wa wifi, mmoja wa mbwa, mama akihesabu kwa kelele kama yuko uwanjani, mpaka miguu ya mbele ikaisha na vidole kumi vya wifi vikabaki butu. "Wifi, na ya nyuma je?" mama akauliza. Wifi akavua viatu.