Siku Papa Alipouliza Kama Mimi Ni Nyama

Jumamosi asubuhi nyumba yetu ya Granville ilinuka sombe, kisamvu cha kwetu. Mama aliibandika jikoni mapema, na harufu ya mawese na samaki mkavu ikaingia kwenye mapazia, kwenye sweta langu la shule, na nadhani hata kwa jirani. Sebuleni raba zililia sakafuni, kwi kwi kwi, kutoka kwenye televisheni: Amerika bado walikuwa na Ijumaa yao usiku, wanacheza mpira wa kikapu, na sisi Sydney tunawatazama huku tunakunywa chai. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kuliko mlango wa friji, mvivu wa daraja la juu. Kazi moja tu niliipenda duniani: kujilaza kwenye kochi na kumtafsiria Papa, baba yangu, maneno ya watangazaji. Papa alikuwa na Kifaransa cha shule, Kiswahili cha Bukavu, na Kiingereza cha ghalani alikopakia maboksi, ambacho chote kilihusu kuinua, kushusha na kwenda mapumziko. Watangazaji wale walimpita kama treni isiyosimama kwenye stesheni yetu.

Nilitafsiri kama ninavyopika mpaka leo, haraka haraka na bila kuonja. Basi asubuhi moja mchezaji mweusi akaruka, akauzamisha mpira kikapuni, na mtangazaji akapayuka: “Beast!” Bila hata kuinua kichwa nikasema, “Anasema huyu ni nyama.” Kwa Kiswahili chetu nyama ni kitu cha sufuriani, na pia ni kiumbe cha porini. Watu wa pwani husema mnyama. Sisi hatukuona haja ya kuongeza herufi. Papa akaweka kikombe chini. “Nyama? Nyama ya kukula?” Nikamwambia hapana, ya pori, tena ni sifa, maana yake ana nguvu. Punde mchezaji mweupe akatoa pasi safi, nami nikatafsiri kwamba huyo anausoma mchezo, ana akili, ni kama mwalimu uwanjani. “Na huyu si nyama?” Nikasema bado hajaitwa. Tangu siku hiyo Papa hakutazama mpira tena, alitazama neno. Mweupe akiruka juu kabisa, ananigeukia: “Sasa je?” “Wamesema anajituma, Papa.” “Nyama bado?” “Bado.” Mama alicheka kule jikoni, akasema tumegeuza sebule yake kuwa bucha.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu mchana wa Jumamosi hizo hizo nilichezea timu ya wasichana kwenye ukumbi mmoja wa Fairfield. Kocha aliutazama urefu wangu, akaitazama rangi yangu, akaniandikisha kabla sijamweleza kwamba hata ngazi za stesheni hunitoa pumzi. Kati ya kochi na kocha, moyo wangu ulikuwa kwa kochi. Lakini kitu kimoja nilikitaka kwelikweli: kuwa mpangaji, yule anayedunda mpira taratibu, anawaonyesha wenzake kwa kidole, anaamua. Ile ni nafasi ya mtu wa kutazama, na kutazama ndiyo elimu pekee niliyoipata kwa bidii. Nilipoomba, kocha akanipiga bega kwa upendo kabisa. “Wewe kaa chini ya kikapu uruke tu. Usifikirie sana. Kupanga atapanga Hailey.” Hailey alikuwa binti yake, mpole, mwenye mafua yasiyokwisha. Na kila nilipodaka mpira kocha alishangilia: “Beast!” Nyumbani sikusema. Ningemtafsiriaje Papa neno hilo, sasa lilipogeuka kuwa langu?

Kisha Jumamosi moja zamu ya mchana ya Papa kule ghalani ikafutwa, naye akaja ukumbini amevaa suti ya kanisani. Nikadaka mpira. Kocha akapayuka. Papa hakuhitaji mkalimani, lile alilijua. Hailey akapanga, kocha akamsifu binti yake kwa akili, na hilo pia Papa alilijua kutoka kwenye televisheni. Akangoja mapumziko, kwa adabu, akaja akanishika mkono, akanipeleka mpaka mbele ya kocha. “Muulize kama mutoto yangu ni nyama.” Nikauliza. Kocha akawa mwekundu mpaka masikioni. “Hapana, hapana! Ni sifa! Mwambie ni sifa!” Papa akaitikia kwa kichwa. “Merci. Basi leo hiyo sifa apatie mutoto yake. Na ile ya mutoto yake apatie mutoto yangu.” Hiyo, nawaapia, niliionja kwanza kabla ya kuipakua kwa Kiingereza. Kocha alimtazama Hailey, ambaye alikuwa anapenga kamasi. “Mpe tu, Dadi,” Hailey akasema. “Mimi nimechoka.”

Ningependa kuwaambia kwamba niling'ara. Nilipoteza mpira, nikaupoteza tena, na mara moja nilimpasia refa, tena pasi nzuri. Tulifungwa mpaka wapinzani wakatuonea huruma. Karibu na mwisho kocha akasahau upole wote, akanifokea, mishipa ya shingo imemsimama: “Fikiria! Una kichwa, kitumie!” Na pale kwenye viti vya wazazi mtu mmoja mwenye suti akasimama akapiga makofi, peke yake, kwa nguvu zote. Watu walimtazama kama aliyekosea timu. Mimi nilimwelewa, nikaupoteza mpira mara nyingine kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji.

Siku hizi nina kochi langu mwenyewe, na limeshika umbo langu vizuri. Jumamosi Papa huja na mvi zake, anakaa kati yangu na binti yangu, ambaye anasikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Watangazaji wamejifunza adabu kidogo: sasa wanasema mwili wa ajabu, kipaji cha kuzaliwa. Lakini Jumamosi iliyopita mmoja alijisahau, akalipayuka lile la zamani. Papa, ambaye Kiingereza chake sasa kinamtosha hata kugombana na benki, akanigeukia kama kawaida. Binti yangu akaniwahi. “Ni sifa tu, Koko,” akamwambia babu yake kwa Kiingereza chake. Papa akampapasa kichwa, macho bado kwenye skrini.

“Najua, mama. Niko nangoja waigawe.”