Punda wa Muuza Chumvi

Mwezi wa kumi Lubumbashi si mwezi wa kumwambia mtu atulie. Joto limekaa juu ya mabati, mvua inanguruma mbali na haiji, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Mwaka huu mimi nilikuwa mbaya kuliko mwezi wenyewe. Baba yangu alifariki mwezi wa tano, na tangu hapo sikuweza kukaa chini nikamaliza hata sura moja ya kitabu.

Kusoma nilisoma, lakini ovyo. Ninafundisha Kifaransa watoto wa nyumba kubwa za mtaa wa Golf, na katika kuwatafutia masomo ndipo nilipogundua tovuti zinazotoa bure vitabu vya kale, vile ambavyo waandishi wake wamekufa zamani hata hakuna wa kudai chochote. Nikawa kama mtu aliyeingizwa sokoni akaambiwa achukue anachotaka. Nafungua riwaya, nasoma kidogo, namwacha shujaa akipanda ngazi, nafungua nyingine. Simu yangu ilijaa watu wa karne nyingine niliowaacha mlangoni. Nilijichukia kwa tabia hiyo, na bado nilifungua nyingine.

Mama ndiye aliyenikamata. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na sasa mtoto wa jicho amemfunga macho, herufi hazioni tena. Jioni moja alinisikia uani nikijisomea kwa sauti, akavuta kiti chake akaja.

"Anza tena," alisema. "Na usiruke. Mi najua sauti ya muntu mwenye anaruka."

Ikawa kawaida yetu. Nilikuwa nikirudi kutoka Golf kabla jua halijazama, na yeye tayari amekaa ananingoja. Katika nyumba yetu ya Kampemba mtandao unashika vizuri nje tu, upande wa ukuta wa jirani, kwa hiyo nilisoma nikitembea, kutoka ukutani hadi langoni na kurudi, na mama aligeuza kichwa kufuata sauti. Kukaa sikuweza. Majirani walisikia kila neno, wakazoea.

Sasa niseme kilichokuwa kinanichoma. Mama hakulia. Kwenye kilio cha baba, siku zile za matanga, wanawake wa upande wake, watu wa Kasai, walilala juu ya mikeka wakaomboleza hadi sauti zikakauka. Mama alikaa katikati yao macho makavu, akiuliza kama wageni wamepata maji. Kwetu mjane lazima asikike. Asiposikika, watu wanamtafutia sababu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, anakaa karibu na sisi, na sababu hiyo aliitafuta bila kuchoka. Siku moja alinikuta langoni.

"Mama yako hakulia ndugu yangu," aliniambia. "Bantu bote baliona. Kama alimupenda, machozi iko wapi?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Ana ulimi, shangazi, na mimi pia ninao. Lakini neno lake lilibaki na mimi. Si kwamba nililiamini, maana niliwajua wazazi wangu na nilijua jinsi mama alivyokuwa hali chakula mpaka baba arudi. Niliogopa tu kwamba kitu kimemkwama kifuani, na kwamba kitammaliza polepole huku sisi tukibishana juu ya machozi. Nilitaka mama alie. Nilitaka sana, mpaka nikaanza kuchagua vitabu kwa nia hiyo: yatima wanaokufa kwa baridi, wachumba wanaotenganishwa, mama mgonjwa kitandani akimwita mwanawe. Upumbavu mtupu. Mama alisikiliza vifo vyote hivyo kama anasahihisha mitihani.

"Ule mutoto alikuwa na homa tangu chapitre ya pili," alisema mara moja. "Juu ya nini habakumupeleka kwa munganga?"

Nikakata tamaa. Nikafungua riwaya iliyokuwa ya kwanza kwenye ukurasa, ndefu, ya kuchosha, juu ya mzee anayeuza chumvi vijijini katika milima ya Ufaransa. Hakuna mapenzi, hakuna vita. Mzee, punda wake na theluji, basi. Mama akaipenda. Mimi niliona itanitoa roho. Nilijaribu kuiruka theluji, akanirudisha nyuma, nikaisoma theluji yote na jasho linanitoka.

Siku ninayotaka kuisimulia, mawingu yalikuwa yamejikusanya na chaji ya simu ilikuwa inaisha, kwa hiyo nilisoma mbio. Muuza chumvi ameugua, hawezi kuinuka. Asubuhi punda anatoka bandani peke yake, anashika njia yake ya kila siku. Anasimama mbele ya mlango wa kila mteja, anangoja kidogo, haoni mtu wa kupima chumvi, anaendelea. Kwenye mlango wa mwisho analala chini, na hainuki tena. Mimi sikuwa hata nafikiria ninachosoma. Nilikuwa naiwahi mvua tu. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

Baba alikuwa akiuza vitenge sokoni. Mwisho mwisho, nguvu zimemwishia, hata robota moja la vitenge hawezi kubeba, bado alivaa kila asubuhi, akaenda kusimama mbele ya meza yake tupu, mpaka wenzake wakamrudisha nyumbani. Hayo niliyakumbuka nilipogeuka na kumwona mama ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa analia. Si machozi ya kufuta kwa kitambaa. Alilia kwa sauti kubwa, ile inayovuka kuta.

Kwetu sauti ile haihitaji maelezo. Redio za majirani zilizimwa papo hapo. Jirani wa ukutani, mama anayeuza makaa, aliingia wa kwanza, kitenge amekifunga kiunoni, kiti cha plastiki kichwani. Nyuma yake wengine na viti vyao. Mmoja aliniuliza moto wa kupikia wageni bukari, ugali wetu, uwashwe wapi. Mwingine alikuwa ameshatuma mtu kumwita shangazi.

Nilitamani ardhi inimeze. Ningewaambia nini? Punda. Punda wa kitabu, wa nchi ya mbali, aliyekufa kabla babu zao hawajazaliwa. Na nikisema hivyo, nilijua habari itafika wapi kabla ya mvua kunyesha: mjane yule amelilia punda, na mume wake hakumlilia. Shangazi angeitembeza Kampemba nzima, na mama asingeweza tena kuinua uso katika ukoo ule.

Shangazi aliingia akihema, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Nani njo alikufa?" aliuliza.

Aliniuliza mimi. Uani pote watu walinigeukia, na mimi nimesimama na simu mkononi, kioo kinawaka. Nilitafuta uongo, wowote, sikuupata.

"Minakuuliza, nani njo alikufa mu hii nyumba?"

Mama ndiye aliyejibu. Hakuinua kichwa.

"Bwana yangu," alisema. "Bwana yangu njo alikufa."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemkumbusha kwamba kilio kilikwisha zamani. Jirani alishusha kiti chake polepole. Shangazi aliachia kiatu kikaanguka, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye vumbi kando yake, akamshika magoti. Akaanza kulia, akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Mimi nilikwenda kulifungua lango wazi kabisa, maana watu walikuwa bado wanakuja na viti.