Joho la Kwaya Lililonuka Uvundo

Wiki hii, nikiwa katika duka la fundi wa vifaa vya umeme hapa Lodwar, mama mmoja aliweka joho la kwaya juu ya kaunta.

"Ejok, fundi," alisalimu kwa Kiturkana. "Nusa hii."

Fundi alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mama, hii imefuliwa?"

"Mara mbili! Mashine ya kufulia inanuka, na nguo zinatoka na hiyo harufu. Jumapili wenzangu walisogea mbali nami. Wakininyang'anya kazi ya kufua majoho, nitamtumikia Mungu na nini? Sauti yenyewe sina."

"Ukimaliza kufua, unaacha mlango wa mashine wazi?"

"Na hii vumbi ya Lodwar? Nafunga, halafu nafunika na shuka."

Fundi alicheka taratibu. Akamwambia apanguse mikunjo ya mpira wa mlango, kisha aiendeshe mashine tupu kwa maji moto na siki.

"Tupu? Nimwage maji bure, Turkana hii?"

"Yakinge kwa ndoo yakitoka, uoshee sakafu. Halafu acha mlango wazi. Vumbi utapangusa, mama. Unyevu ukiufungia ndani, hutaufikia."

Mama alikunja joho lake akaenda. Mimi nilisahau balbu niliyoifuata.

Chumba cha marehemu mke wangu nimekifunga tangu tulipomzika, vumbi lisiguse vitu vyake. Jioni ile nilisali, nikafungua mlango na dirisha. Kanga zake zilikuwa zimeanza kunuka kama lile joho. Vumbi liliingia papo hapo. Bwana amenipa mikono, na ufagio upo.