Mlio wa Kifungo cha Mama

Msafiri alishuka kituoni asikokujua, amekumbatia begi la marehemu mama yake. Kifungo cha plastiki cha mkanda kilikuwa kimevunjika jino moja. Akaelekezwa kwa fundi mabegi, mzee wa vidole vigumu kama koleo, ambaye kila kifungo alikibana na kukiachia karibu na sikio, macho kayafumba.

"Nikuwekee kipya, mwanangu?"

"Hapana, baba. Mama alipokuwa akirudi safari, mlio wa hiki ndio uliokuwa ukituamsha."

Mzee akaguna. "Haya, leo umenifanya mganga."

Akachonga jino kutoka mpini wa mswaki, akaliunga kwa msumari wa moto, akabana. Kifungo kikalia kwa mlio mkavu. Msafiri akatikisa kichwa. Mzee akapiga tupa kidogo, akabana tena. Bado. Mara ya nne msafiri naye alifumba macho.

Tak!

Mzee alimtazama, akaweka tupa chini.

"Karudi?"

"Karudi."

Basi mzee akafunga kibanda, akatwaa mkoba wake wa vifaa, uliofungwa kwa kamba ya katani.

"Na wako, baba?"

"Mganga hajigangi," alicheka, akaenda zake. Msafiri alibaki kwenye benchi, akifungua na kufunga.