Masanduku ya Kwendea Sur

Haya yalikuwa mabegi ya tatu kuyafunga kwenye pikipiki, na Hamed alishachoka nayo hata kabla hajakaza nati ya kwanza. Alichotaka ni kitu kimoja tu: Ijumaa hii atoke Ibra na pikipiki yake, afike Sur kwa khaloo wake, Bi Mahfudha. Lakini mama yake, Bi Turkiya, hajapata kumwacha mtu aende kwa huyo mdogo wake mikono mitupu, na bila ya radhi ya mama Hamed haondoki. Mtu ana mvi, mwalimu mzima, bado anaomba ruhusa.

Mabegi ya kwanza aliyanunua Nizwa kwa uzuri wake. Ya ngozi, membamba. Mama akaleta bakuli la halua, halikuingia. Ya pili halua iliingia, lakini begi la kulia lilikaa juu ya bomba la moshi. Kabla hajafika Bidiya alisikia harufu ya kuungua, na halua ya watu, imetiwa zafarani, ishakuwa uji. Akarudi.

"Si nilikwambia?" mama akasema. Wala hakumwambia kitu.

Safari hii kachukua masanduku ya bati. Kayafunga kwa vyuma mbali na bomba, kayatikisa kushoto na kulia, yamekaa barabara. Akamwita mama.

Bi Turkiya akaja na halua, mikate ya kumimina, tende na chupa ya achari. Vyote vikaingia. Akayatazama masanduku, akarudi ndani, akatoka na sufuria la biriani.

"Mama, na hili je?"

"Khaloo wako anapenda."

"Haliingii, na wewe unaona haliingii."

"Basi chukua gari."

Hamed akaiweka spana chini taratibu, asije akaitupa. Kumbe siku zote hizi anahangaika na kutoboa vyuma bure.

"Kwa nini usiniambie tu kwamba hutaki nipande pikipiki?"

"Ningekwambia ungeacha," mama akasema. "Na mimi sitaki uache. Tangu mkeo atutoke sijakuona ukipenda kitu. Lakini naogopa, mwanangu. Naogopa sana."

Hasira zote zikamwisha Hamed. Akageuka kwenda kutafuta funguo za gari, mama akamshika mkono wa kanzu.

"Panda hiyo pikipiki yako," akamwambia. "Radhi zangu unazo. Nenda upesi, kabla sijakuzuia."