Gari Nasema Nini?

Wasomaji wangu wa Ijumaa, nilikuwa nimewaandalia makala kuhusu mashimo ya barabara zetu, lakini mashimo yatangoja, hayana safari. Jumanne asubuhi, povu la sabuni likiwa bado kidevuni mwangu, kiongozi wa kwaya yetu alinipigia simu kunieleza kwamba fundi wa umeme wa magari wa upande wa Uganda, yule mzee mwenye karakana hatua chache baada ya geti la mpaka, amefariki nyumbani kwake baada ya kuugua kwa majuma machache. Niliketi kitandani nikalia, siwafichi. Kisha nikakumbuka siku ya harusi ya mpwa wangu, nikaanza kucheka peke yangu hadi mke wangu akaja mlangoni kuhakikisha kwamba akili zangu ziko sawa. Nikamwambia nani amekufa, naye akacheka, kisha akaenda kupika chai akifuta macho.

Ambao hawakumjua wafahamu kwamba mzee huyu alikuwa na desturi moja iliyowaudhi madereva wote kabla ya kuwafurahisha. Ukifika kwake ukamwambia betri imekwisha au swichi imeungua, alijifanya hasikii. Alifuta mikono kwa kitambaa, akakutazama, akakuuliza kwa Kiswahili chake cha mpakani kisichohangaika na ngeli, “Gari nasema nini?” Hapo ulitakiwa kuutoa kwa mdomo wako mlio ambao gari hutoa unapozungusha ufunguo. Kuueleza hakukutosha, sharti uuigize. Nimeona madereva wa malori, wanaume wa vifua vipana, wakisimama mbele yake wakiguna na kukoroma. Nimeona bwana mmoja wa suti akikataa kata kata, akaachwa ameketi juu ya tairi mpaka heshima ilipomwisha. Watu walimwendea na Kisamia, Kidhopadhola, Kiteso, Kijaluo na Kiingereza cha kubahatisha, na kila mmoja alikuwa na jina lake la ubovu ambalo mwenzake halijui. Mlio haukuhitaji mkalimani, na mzee alilijua hilo mapema kuliko sisi tuliosomea lugha.

Wakati huo nilikuwa na vani kuukuu niliyoinunua nilipostaafu ualimu, ambayo iligeuka, bila mtu kuniuliza, kuwa gari la kwaya ya kanisa letu hapa Busia. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa anaolewa Tororo na kijana wa kijiji cha Kisoko. Baba wa binti huyo alikuwa ametangulia mbele ya haki, hivyo siku ya posa mimi ndimi niliyesimama mbele ya wakwe nikaahidi kwamba bibi harusi ataingia kanisani akiimbiwa na kwaya iliyomlea. Niliahidi kwa sauti kubwa, kama ilivyo kawaida yangu. Nilipoketi, yule binti alinishika mkono akaniambia hataingia bila kwaya hiyo, hata iweje. Tatizo ni kwamba vani ilikuwa imeanza ukaidi wa asubuhi, nami nilikuwa nimeibadilishia betri mara mbili bila kupata nafuu.

Misa ilikuwa ya saa nne. Saa mbili tukawa mpakani, wanakwaya kumi na wanne katika majoho meupe, na ofisa akaniomba kwa adabu nizime injini akague karatasi. Karatasi zilikuwa safi. Nilipozungusha ufunguo, gari likakataa. Vijana wa bodaboda wa pande zote mbili wakaja kutusukuma, wakabishana kwanza nani ahesabu moja, mbili, tatu, na walipokubaliana wakasukuma kwa moyo wao wote, lakini mimi kwa kiwewe nilikuwa nimeiacha gia huru. Hivyo injini haikuwaka, ila tulifika mbele ya karakana ya mzee.

Nilishuka nikamwambia betri imekufa tena, atusaidie kusukuma, tuna harusi.

“Mwalimu, mimi siulizi nani nakufa,” akasema. “Nauliza, gari nasema nini?”

Kijasho chembamba kikinitoka, nikaigiza: ka-ka-ka-ka-ka. Mzee akaitazama betri mpya, akanitazama mimi, akakunja uso. Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni kwetu, mwenye sikio kali kuliko mwalimu wa kwaya, akachungulia dirishani na kusema, “Fundi, huyo anakudanganya. Ilisema ka moja tu, ikanyamaza.” Besi wakapinga, wakasema ilikuwa kwa, si ka. Sauti ya kwanza wakadai kulikuwa na ti ndogo mbele yake. Mzee alifurahi hadi akaweka kitambaa chini. Akawashusha wote, akawapanga, akainua spana, na kwaya nzima ikatoa mlio wa vani yangu kwa sauti nne huku watu wa foleni ya mpakani wakisogea kusikiliza. Nilikuwa moto kwa hasira. Nilipotulia ndipo nilipong’amua kwamba mlio nilioutoa mimi ulikuwa wa miezi miwili nyuma, wakati betri ya zamani ilipokuwa imechoka kweli. Tangu siku hiyo sikuwa nimelisikiliza gari langu tena.

Mzee hakuharakishwa na majoho yetu. Alimsimamisha muuza omena mbele ya taa, nami nikazungusha ufunguo. Taa hazikufifia, kwa hiyo betri haikuwa na hatia. Akasafisha vichwa vya betri, akakaza waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi, tukajaribu, ikasema ka. Mwishowe akaingia uvunguni na spana ya magurudumu, akaniambia niwashe, akaigonga stata, ile mota inayoiamsha injini, mara mbili, na injini ikanguruma. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikawaita wapande upesi, nimeshafunga mlango, mzee akapitisha mkono dirishani akazima gari. Wasomaji wangu, nilikaribia kumpa za uso mtu mwenye umri wa baba yangu.

“Wewe nataka kufika,” akasema taratibu. “Mimi nataka ufike na urudi.”

Akanieleza kwamba kaboni zinazopitisha umeme ndani ya stata zimekwisha, kwamba kuigonga ni kuidanganya, na stata hudanganyika mara mbili tatu tu. Dawa ilikuwa stata nyingine. Akapekua rafu yake nzima, stata moja baada ya nyingine, akisoma namba kwa mwanga wa mlangoni, asipate inayolingana. Akakumbuka duka moja la vipuri vya mtumba mjini Tororo. Akanawa mikono, akabadilisha shati, akafunga karakana, akapanda mbele karibu nami na begi la spana mapajani. Akaigonga tena stata, tukaondoka, saa nne imeshapita, na simu ya dada yangu ilikuwa haikatiki.

Tulipofika chini ya ule mwamba wa Tororo ilikuwa karibu saa tano na nusu. Bibi harusi alikuwa bado ndani ya gari lake nje ya lango la kanisa, amegoma kushuka, na wazee wa upande wa bwana harusi waliotoka Petta walikuwa wananitazama kwa jicho la pembeni. Kwaya ikajipanga, ikaimba, mpwa wangu akaingia, nami nikapata pumzi. Mzee hakuingia. Alichomoa waya wa betri, akaifungua stata, akapanda bodaboda nayo hadi dukani, akalinganisha meno yake na ya ile nyingine, akarudi, akalala uvunguni na lile shati lake safi. Padri alikuwa anahubiri juu ya uvumilivu katika ndoa pale vani ilipowaka nje kwa mlio mmoja safi. Kwaya nzima, ambayo sikio lake moja lilikuwa nje muda wote, ikalipuka kwa vigelegele. Padri akadhani ni vyake. Alitabasamu, akafungua tena Biblia, akatuongezea nusu saa nyingine ya mahubiri, na dada yangu akajaza leso mdomoni asicheke.

Siandiki haya kuomboleza zama. Magari ya siku hizi huchomekewa mashine inayosoma kosa, na mzee mwenyewe aliinunua moja, akaivalia miwani, akaipenda sana. Aliisoma mpaka mwisho, kisha akamgeukia dereva na kumuuliza swali lake lile lile. Sisi watu nasi tunakutana tukiwa tumeshapeana majina ya ugonjwa: huyu mvivu, yule ana dharau, wale wa ng’ambo ya geti wana tabia hii na hii. Nimefundisha zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nina aibu kukiri kwamba nimewahi kumwita mtoto mzembe kwa mwaka mzima kumbe haoni ubaoni. Na mimi nilikuwa nimembadilishia kiti mara mbili.

Hapo ndipo nilipotaka kuimaliza makala hii. Lakini jana mpwa wangu alinipigia simu. Alikuwa amesikia kuhusu mzee, akasema, “Anko, kuna kitu sijawahi kukuambia. Asubuhi ile nilikuwa naogopa. Nilikuwa nataka kurudi nyumbani.” Alisema alipokuwa ndani ya gari pale langoni, saa nne imepita na kwaya haijafika, bwana harusi alitoka kanisani kuuliza kulikoni. Desturi ilimkataza kumwona, hivyo akaingia akakaa kiti cha mbele, amempa mgongo. Wakazungumza zaidi ya saa nzima: watakaa upande gani wa mpaka, kazi ya binti itakuwaje, mama mkwe ataishi na nani. Ni mambo ambayo kwa miezi yote ya vikao na posa hakuna aliyewaachia nafasi ya kuyasema. “Mngefika saa nne,” akasema, “ningeingia na hofu yangu yote, nikasema ndiyo kwa sababu watu wamekuja.”

Saa ile niliyokuwa nikiitukana moyoni pale karakanani ndipo ndoa ya mpwa wangu ilipoanzia, nami kama ningeachwa nifanye nipendavyo, ningeifuta kwa kusukumwa na bodaboda. Sasa naamini kwamba mtu anayekataa kuharakishwa kazini mwake huwapa nafasi hata watu asiowajua. Kesho tunamzika, na nimeombwa niseme machache. Miaka yote hii nimekuwa nikimshukuru mzee yule kwa kutufikisha. Kesho nitamshukuru kwa kutuchelewesha.